Kupanga mwinuko wa dishi la mota Lamu na Malindi: mwongozo kamili

Karatasi inayokuja ndani ya boksi la mota, ile inayozungusha dishi kutoka setilaiti moja hadi nyingine, imeandikiwa mtu wa Ulaya. Inamwambia aelekeze mota kusini, aweke latitudo ya 45 au 50, na inamchorea dishi linalotazama mbele kama mtu aliyesimama barazani. Fundi wa Malindi akiifuata neno kwa neno hatapata chochote. Sisi tuko kusini mwa ikweta, tena padogo tu, na setilaiti zote za televisheni zimepangika juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo mkanda wao unatupita karibu na utosi, umeegemea kaskazini kidogo. Hesabu ya mwinuko inabadilika, na hata namna ya kutafuta kosa inabadilika. Hili la pili ndilo linalowashinda mafundi wengi, na nitalikalia zaidi.

Nitaanza na dishi dogo la kawaida la bendi ya Ku, sentimita 80 hadi 90, linaloshikwa na mota ndogo inayopata umeme kwa waya uleule wa LNB, kile kichwa cha kupokelea mawimbi mbele ya dishi. Madishi makubwa ya C-bendi (masafa ya chini kuliko Ku) yenye jeki, mkono wa umeme unaosukuma dishi, nitayagusia baadaye.

Namba za kwenu

Unahitaji namba mbili tu. Ya kwanza ni latitudo ya mahali. Malindi ni 3.22 kusini, Lamu mjini ni 2.27 kusini. Ya pili ni deklinesheni, yaani ule mwinamo mdogo wa ziada unaoongezwa kwa sababu setilaiti haziko mbali kama nyota. Kwa pwani yetu huna haja ya fomula ndefu: zidisha latitudo kwa 0.178. Malindi unapata 0.57, Lamu 0.40. Aliye Watamu, 3.35, atapata 0.60, aliye Kiunga, karibu 1.75, atapata 0.31.

Ukijumlisha namba hizo mbili unajua dishi litatazama wapi likiwa katikati ya safari yake. Malindi ni digrii 3.8 kutoka utosini, yaani mwinuko wa 86.2. Lamu ni 2.7 kutoka utosini, mwinuko wa 87.3. Ukiona dishi la mtu limepangwa na mota imelala kwenye latitudo 30 kwa sababu skeli iliishia hapo, umeshajua kwa nini anapata setilaiti moja tu.

Nguzo, na timazi yake

Nguzo iwe bomba la chuma lenye zinki, kipenyo kinachoingia kwenye klampu ya mota, na isitikisike. Usitumie boriti ya mkandaa hata kama ni nene: hujipinda na unyevu, na nusu digrii ikipotea hapa hairudi. Juu ya dari ya zege ifunge kwa bolti za kutanuka. Ukutani iwe na mikono miwili iliyoachana vya kutosha. Kwa aliye ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, uliza kwanza ofisi ya makumbusho kuhusu dishi linaloonekana kutoka njiani. Mara nyingi katikati ya dari, mbali na ukingo, panafaa zaidi, hata kwa upepo.

Sasa timazi. Vitabu vinasema nguzo isimame wima pande zote, na ni kweli, ila hapa kwetu pande hizo hazina uzito sawa. Nguzo ikiegemea kaskazini au kusini kwa digrii moja, mwinuko wako wote umekosea kwa digrii moja. Ikiegemea mashariki au magharibi, kosa hilo ni karibu sawa na mota kuanza safari yake digrii moja pembeni, kwa sababu ekseli ya mota nayo imelala kaskazini-kusini. Hilo la pili hurekebishika kwa urahisi; la kwanza litakusumbua kwenye kila setilaiti. Kwa hiyo pima upande wa kaskazini-kusini kwa timazi ya uzi, siyo kwa pima maji ya mkononi peke yake, na upime tena baada ya kukaza bolti za chini. Programu ya kupima pembe kwenye simu inafaa pia, na chuma hakiisumbui. Ni dira ya simu ndiyo inayodanganywa na chuma.

Mota: kuipanga 3.2 wakati skeli haifiki

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mota inatakiwa iwekwe kwenye latitudo 3.2 kwa Malindi, 2.3 kwa Lamu. Mota nyingi zina skeli mbili, moja ya latitudo na nyingine ya mwinuko, ambayo ni 90 ukitoa latitudo, usizichanganye. Maana yake kwa vitendo ni kwamba ekseli ya mota inalala karibu sambamba na sakafu, ncha yake ya kusini ikiwa juu kidogo ya ile ya kaskazini.

Tatizo ni kwamba skeli za mota nyingi zimekatwa kabla ya kufika huko chini, kwa vile wanunuzi wengi wako mbali na ikweta. Usikate chuma cha mota wala usipanue tundu la bolti. Pinda nguzo. Tuseme skeli yako inaishia 20. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kipande cha juu cha nguzo kilichopinda kwa digrii 20 kamili. Kisha weka mota kwenye 23.2 kwa Malindi, au 22.3 kwa Lamu, na kipande kilichopinda kiegemee kusini. Digrii 20 za nguzo zinaondoa 20 za skeli na unabaki na latitudo yako halisi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kama kipande kilichopinda kimechomelewa moja kwa moja kwenye nguzo, utakapotaka kuzungusha mota kutafuta kaskazini utakuwa unaizungusha juu ya bomba lililoinama, na kila ukiizungusha mwinuko unabadilika. Afadhali kipande hicho kiingie ndani ya bomba la chini lililosimama wima, na bolti mbili au tatu za kubana pembeni. Hapo unazungusha kitu kizima, mpindo na mota pamoja, na mwinuko hauhami.

Usiiamini skeli iliyopigwa chapa kwenye bati la mota. Tafuta sehemu iliyonyooka ya ekseli, kabla ya bomba kupinda, weka kipima pembe juu yake na uhakikishe unasoma 3.2 au 2.3, kusini juu. Kaza nati kwa zamu, kushoto na kulia, huku ukiangalia namba. Zikikazwa upande mmoja kwanza, klampu huvuta.

Skeli ya dishi

Bomba la mota linaloshika dishi limepindwa kiwandani, nyingi kwa digrii 30, nyingine kwa 35 au 40. Karatasi ya mota itakwambia. Dishi lenyewe unaliweka kwenye pembe hiyo ukitoa deklinesheni. Bomba la 30: Malindi 29.4, Lamu 29.6. Bomba la 40: Malindi 39.4, Lamu 39.6. Skeli ya dishi tayari imehesabu kwamba LNB iko pembeni, kwa hiyo usiongeze wala kupunguza kingine.

Dishi likiwa katikati ya bomba, siyo limeegemea upande, na mota ikiwa kwenye sifuri yake, kaza kiasi cha kuweza kusogeza kwa nguvu ya mkono. Bado utaligusa.

Kaskazini halisi bila kuhangaika na dira

Mota yetu inaelekea kaskazini, kinyume cha ile ya kwenye picha ya karatasi. Na kwa bahati nzuri pwani hii ina alama ya kaskazini karibu kila mtaa. Kaaba iko longitudo 39.83 mashariki, Malindi iko 40.12. Kibla ya Malindi, basi, inakosana na kaskazini halisi kwa chini ya digrii moja, upande wa magharibi. Lamu, iliyo 40.90, kibla yake ni kama digrii 2.5 magharibi ya kaskazini. Ukisimama darini na msikiti unaonekana, mwelekeo wa mihrabu ni mwanzo mzuri kuliko dira iliyoshikwa karibu na mabati. Nasema mwanzo, kwa sababu misikiti ya zamani ilijengwa kwa macho na uzoefu, na digrii kadhaa za tofauti si ajabu.

Njia ya uhakika zaidi ni kivuli. Jua likifika kwenye mstari wa kaskazini-kusini, kivuli cha uzi wa timazi kinalala kwenye mstari huo huo. Malindi jambo hilo hutokea kwa wastani saa sita na dakika 20 mchana, Lamu dakika tatu mapema. Lakini wastani huo huhama: katikati ya Februari Malindi ni karibu saa sita na dakika 34, mwanzoni mwa Novemba ni saa sita na dakika 3. Chora mstari wa kivuli sakafuni kwa chaki, basi. Juni na Julai ni wakati mzuri, jua liko kaskazini na kivuli kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa na kivuli hakipo cha kupimia. Wakati huo rudi kwa kibla.

Risiva

Kwenye menyu ya mota chagua USALS, njia ambayo risiva inapiga yenyewe hesabu ya mahali pa kila setilaiti, na uandike longitudo 40.1 mashariki na latitudo 3.2 kusini kwa Malindi, au 40.9 na 2.3 kusini kwa Lamu. Herufi ya kusini isikupite. Ukiacha kaskazini, mota itageuka kinyume: ukiomba setilaiti ya mashariki itakwenda magharibi, na utamlaumu aliyekuuzia.

Usishtuke ukiona mota inazunguka zaidi ya tofauti ya longitudo. Sisi tuko juu ya uso wa dunia, siyo katikati yake. Kutoka Malindi, setilaiti ya 36 mashariki, yaani iliyo juu ya longitudo hiyo, inahitaji mzunguko wa karibu digrii 5 kuelekea magharibi, ya 57 mashariki karibu 20, ya 68.5 mashariki karibu 33, na ya 7 mashariki karibu 38 na nusu upande wa magharibi. Lamu namba zinasogea kwa digrii moja hivi. Ukiwa darini unaweza kuona kwa macho kama mota imefanya inachoambiwa.

Waya uwe mzuri na usiwe mrefu kupita kiasi. Mota inakula umeme wa risiva, volti 13 au 18, na waya mwembamba wa mita nyingi unaiacha ikijikokota, hasa kwenye volti 13.

Setilaiti ya juu kwa mwinuko, za pembeni kwa kaskazini

Sasa tunafika kwenye lile nililosema nitalikalia. Anza na 36 mashariki. Ni ile inayotazamwa na madishi mengi ya kulipia nchini, ina nguvu, na iko karibu kabisa na utosi wetu. Iambie mota iende huko. Ukikosa ishara, kishawishi kitakuwa kuishika mota na kuizungusha kwenye nguzo, kama karatasi inavyosema. Usifanye. Dishi linalotazama juu ukilizungusha kwenye nguzo bado linatazama juu. Kosa la digrii 5 za kaskazini linaiathiri 36 kwa karibu nusu digrii tu, na dishi la sentimita 90 lina upana wa kuona wa karibu digrii 2. Utazungusha weee, na ishara ipo vilevile au haipo vilevile.

Kwa 36 una mambo mawili tu ya kugusa. Kaskazini-kusini ni skeli ya dishi: ilegeze, lisogeze polepole, subiri. Risiva za dijitali huchelewa sekunde kadhaa kuonyesha ubora, kwa hiyo anayesogeza haraka hupita ishara bila kuiona. Angalia mstari wa ubora, siyo wa nguvu. Nguvu huonekana hata dishi likitazama paa la jirani. Mashariki-magharibi ni mota yenyewe: isogeze kwa hatua ndogo kwa rimoti. Ikiwa kilele kiko digrii mbili au tatu mbali na pale USALS ilipoipeleka, nguzo yako imeegemea upande, au dishi halikukaa sawa kwenye bomba. Rekebisha hilo kabla ya kuendelea.

Ukishapata kilele cha 36, mwinuko wako umekamilika kwa sehemu kubwa. Kaza skeli ya dishi, na kuanzia hapo usiiguse kwa pupa.

Sasa nenda mbali. Magharibi, chukua 7 mashariki, inayobeba Azam. Mashariki, chukua 57, yenye chaneli za Ethiopia. Ikiwa una setilaiti unayoipata mbali zaidi upande huo, bora zaidi. Ukifika kwenye kila moja, sukuma ukingo wa dishi taratibu kwa vidole ili litazame kidogo zaidi kaskazini, halafu kidogo zaidi kusini, na uone ubora unapanda wapi.

Ikiwa mashariki inataka kaskazini na magharibi inataka kusini, mota imegeuzwa mno upande wa mashariki. Izungushe kwenye nguzo kuelekea magharibi, kidogo kidogo, hadi pande zote zitulie. Ikiwa ni kinyume, zungusha kinyume. Hapa ndipo kuzungusha kunakofanya kazi: kosa la digrii 5 za kaskazini huko kwenye 7 mashariki linakuwa digrii 3, na digrii 3 ni kioo cheusi.

Ikiwa pande zote mbili zinataka kaskazini na katikati pako sawa, deklinesheni yako ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Punguza latitudo ya mota kwa nusu digrii, na skeli ya dishi nusu digrii pia, katikati hapatahama. Zote zikitaka kusini, ongeza zote mbili. Kosa la namna hii ni nadra kwetu, maana hata digrii moja nzima iliyohamia upande usio wake inaleta tofauti ya robo digrii tu huko pembeni. Kwa hiyo ukikosa pembeni, shuku kaskazini kwanza kabla hujaanza kufungua nati za mwinuko.

Baada ya kila zungusho rudi 36 uhakikishe hapajaharibika, kisha pembeni tena. Pakitulia, kaza kila kitu, chora alama ya rangi kwenye viungio vyote, na uweke mipaka ya mota kwenye risiva ili dishi lisije likagonga nguzo likifika mwisho. Kwenye nguzo iliyopindwa mpaka huu ni lazima. Peleka dishi mwisho wa kila upande ukiwa darini, mkono kwenye rimoti.

Madishi ya C-bendi yenye jeki

Namba ni zilezile na kupima ni rahisi zaidi, kwa sababu dishi halina bomba la kupinda. Kipima pembe juu ya ekseli kisome 3.2 Malindi, na juu ya uso wa nyuma wa dishi, likiwa katikati, kisome 3.8. Tofauti hiyo ya 0.57 ndiyo deklinesheni. Fremu nyingi za bei nafuu zina deklinesheni iliyochomelewa kwa ajili ya nchi nyingine. Ikiwa bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 60, pete za bolti (washa) zenye unene wa milimita 6 upande mmoja zinatoa 0.57, kwa Lamu milimita 4 zinatosha. Setilaiti ya katikati ya kupimia hapa ni ya 38 mashariki, na ya pembeni 68.5.

Dishi zima lisilo la wavu likitazama utosini ni beseni. Toboa matundu matatu ya milimita 5 karibu na kitovu, au uliache limeegemea upande mmoja usiku wa masika. Kwa upepo wa kusi mambo hugeuka: dishi lililolala likitazama juu ndilo linaloshikwa na upepo kidogo zaidi. Mvua na upepo vikija pamoja, mimi huchagua kuliokoa jeki: lilaze, na matundu yatoe maji.

Chumvi ya bahari itakula nati zako kabla ya kitu kingine chochote. Nunua bolti za chuma kisichoshika kutu kwa sehemu zote za kurekebishia, paka grisi kwenye nyuzi, na uviringe kiungio cha waya kwa utepe wa mpira unaojishika. Waya uning'inie chini kabla ya kuingia kwenye mota, ili maji yadondoke hapo.

Kuna kipimo kimoja cha bure mara mbili kwa mwaka. Karibu na tarehe 22 Machi na 21 Septemba, jua linapita juu ya mkanda huohuo wa setilaiti kwa macho ya mtu wa pwani yetu. Kwenye dishi la C-bendi, kivuli cha LNB kinatakiwa kianguke katikati kabisa ya dishi, na ukilifuatisha jua kwa jeki kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kivuli kibaki pale pale. Kikihama kuelekea kaskazini au kusini kadiri unavyokwenda pembeni, unajua cha kurekebisha hata kabla ya kuwasha televisheni. Fanya hivyo kwa dishi la wavu au lililopakwa rangi isiyong'aa, tena kwa muda mfupi. Dishi linalong'aa hukusanya joto la kutosha kuyeyusha kofia ya LNB.